Rombo au Longido? Kwa mwenye pikipiki, wikiendi moja na hamu ya kuona mlima na mpaka

Kiangazi kikianza hapa Moshi swali linarudi lilelile, mtu kanunua chombo au kakodi, anataka auone mlima Kilimanjaro vizuri na akanyage sehemu zenye historia ya mpaka wetu na Kenya, sasa anaulizia apande Rombo au akate Arusha aende Longido mpaka Namanga. Wengi wanajibiwa "kote kuzuri", na hilo ni jibu la mtu ambaye hajaenda au hataki kusumbuka. Kote kuzuri ndiyo, ila hakufanani hata kidogo, na ukienda upande usiokufaa utarudi mgongo unauma halafu unalalamika kwamba mlima wenyewe hukuuona.

Njia zenyewe ni hizi. Ya Rombo unatoka Moshi, Himo, Marangu Mtoni, Mwika, Mkuu, Useri, unaishia Tarakea, kama km 100 hivi, na pale Himo unaweza kuchepuka uchungulie Holili, mpakani kwa upande wetu. Ya Longido unaanzia Arusha, Ngaramtoni, Oldonyo Sambu, Longido, unaishia Namanga, km 110 hivi, na Longido yenyewe iko kwenye km 80. Zote mbili lami mwanzo mwisho. Kama unatokea Moshi kumbuka kuna km 80 nyingine za kufika Arusha kwanza, tena ile barabara ya Moshi Arusha siyo ya kufurahia, ni mabasi, matuta na trafiki wenye tochi kila kijiji, mwendo wa 50 ukizidi kidogo tu umeandikiwa.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui, hizi njia mbili ni habari moja iliyokatwa vipande viwili. Machi 1916, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts (Kaburu ambaye miaka kumi na kitu nyuma alikuwa anapigana na Waingereza haohao) lilikuja kuwatoa Wajerumani Moshi, na lilikuja kwa mikono miwili. Mkono mmoja ulitokea Taveta, ukasukuma kuelekea huku Himo. Mkono wa pili chini ya Jenerali Stewart ulitoka Longido tarehe 5 Machi, ukazunguka mlima kwa magharibi kupitia Ngare Nairobi ili ushukie Boma Ng'ombe ufunge mlango wa nyuma. Mkono wa Taveta ukapigana kweli kweli, mkono wa Longido ukachelewa, na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akaondoka na watu wake kwenda Kahe na baadaye kusini, vita ikaendelea mpaka Novemba 1918. Kwa hiyo mi naona uchaguzi uko hapo hapo: upande wa Rombo na Holili kila kitu kimebanana, kipo karibu, unakifikia, na upande wa Longido ni umbali, upepo na kiu. Ilikuwa hivyo 1916 na ukiwa juu ya pikipiki bado iko hivyo.

Tuanze na mlima maana ndio unaowatoa watu nyumbani. Rombo unakaa chini ya mlima kabisa, na hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu, wanadhani ukiwa karibu ndio utauona zaidi. Migomba na miti ya kivuli ya kahawa inakuziba muda mwingi, unapita kona baada ya kona huoni kitu, halafu ghafla kwenye daraja au kiwanja cha shule unakutana na kilele cha Mawenzi kimesimama mbele yako, yale majabali yake yaliyochongoka, mita 5,149, na Kibo, kile kilele kikuu, imejificha nyuma yake au inatokeza kipande tu. Ukisogea kuelekea Tarakea ndio vilele viwili vinaanza kuachana vizuri. Mtu wa Moshi aliyezoea Kibo nyeupe kushoto na Mawenzi kulia akifika Mkuu anaweza kubisha kwamba huu siyo mlima wake.

Longido ni kinyume. Uko mbali lakini hakuna cha kuziba, ni uwanda, na Kibo unaiona nzima na bega lake la Shira limelala upande, nyuma yako Meru, mbele mlima Longido wenyewe ambao una zaidi ya mita 2,600, na magharibi milima ya Ketumbeine na Gelai. Kama unapenda kupiga picha chombo kikiwa mbele na mlima nyuma, Longido inashinda bila mjadala.

Ila kuna suala la saa na hili watu hawaambiwi. Rombo iko mashariki ya mlima, kwa hiyo jua la asubuhi linapiga Mawenzi usoni, saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili ndio muda wake, baada ya hapo mawingu yanapanda kutoka msituni na mlima umefungwa. Longido iko magharibi, asubuhi unaona kivuli cheusi tu na jua linakuumiza macho, mlima unapata rangi kuanzia saa kumi na moja jioni. Maana yake Rombo lazima ulale huko huko, Marangu au Mkuu, ukitoka Moshi asubuhi umeshachelewa. Na Longido ukitaka ile rangi ya jioni utarudi Arusha usiku, barabara ina malori na ng'ombe, kwa hiyo huko nako lala. Anayekwambia Longido ni kwenda na kurudi muulize alirudi saa ngapi.

Historia. Hapa sitajifanya sina upande, Rombo inabeba zaidi, na sababu ni kwamba kabla hata hujafika Himo umeshapita Old Moshi. Ni kipande kifupi cha kupanda kutoka mjini, ukifika Tsudunyi kuna ule mti ambao Mangi Meli (mangi ni mtawala wa Kichaga) alinyongewa tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, wakiwemo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Huyu Meli ndiye ambaye watu wake 1892 waliwapiga Wajerumani na kumuua kamanda wao von Bülow, ikabidi mwaka uliofuata waje na jeshi kubwa zaidi. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani na familia imekitafuta kwa miaka mingi. Zima pikipiki, vua helmeti, kaa pale kidogo, na usije na mdomo wa kupiga selfi tu maana ni watu wa pale pale, wajukuu wapo, wanakuangalia.

Ukipita Marangu utasikia majina mengine. Yohani Kinyala Lauwo wa hapo hapo Marangu anatajwa kuwa na msafara wa Hans Meyer na Ludwig Purtscheller uliofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Yapo mapango ambayo Wachaga walichimba kujificha na kuficha mifugo wakati wa mapigano na Wamasai, lipa kiingilio uingie, ni membamba unatambaa, mwenye kitambi afikirie mara mbili. Na mbele Rombo yenyewe ndiko alikotawala Mangi Horombo wa Keni, huyo ambaye jina lake liko kwenye kibanda cha wapanda mlima, alijenga ngome za mawe na alitaka kuwaweka Wachaga chini ya mtu mmoja miaka mingi kabla Mjerumani hajafika.

Halafu Holili. Ukisimama upande wetu ukaangalia Taveta unaviona vilima viwili, Latema na Reata, vidogo tu, mtu angepita asivitazame. Usiku wa tarehe 11 Machi 1916 watu walipigana pale gizani kwa mabayoneti mpaka alfajiri, Wajerumani wakiwa chini ya Meja Kraut, kulipokucha Waingereza wakakuta Wajerumani wameshaondoka. Mbele zaidi ndani ya Kenya kuna kilima cha Salaita ambako mwezi mmoja kabla, tarehe 12 Februari, wanajeshi wa Afrika Kusini walikuja kwa dharau wakarudishwa mbio. Wajerumani walikuwa wameikalia Taveta tangu Agosti 1914, kwa hiyo huo mpaka ulishakuwa nyuma yao muda mrefu. Makaburi ya wanajeshi yapo Taveta na yapo Moshi mjini, mawe meupe yamepangwa vizuri yana majina. Wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya vita yote na kufa kwa maelfu, wengi wao hawana jiwe popote, hilo nalo uende ukilijua.

Longido ina tukio moja kubwa lakini ni tukio ambalo ukiwa pale unalielewa kwa mwili. Tarehe 3 Novemba 1914 Waingereza kama 1,500, wengi wao wanajeshi kutoka India, walitembea usiku kutoka Namanga kuja kuuvamia mlima Longido, walifika alfajiri kwenye ukungu, wakapigana mchana kutwa, na jioni wakarudi Namanga. Kilichowashinda zaidi ni maji, hawakuwa na maji ya kubaki. Siku zile zile wenzao walikuwa wanapigwa Tanga. Sasa wewe simamisha pikipiki kati ya Longido na Namanga saa saba mchana, zima injini, angalia kushoto na kulia utafute mahali pa kuteka maji. Hakuna kibao cha kukuelezea wala hakihitajiki.

Na mpaka wenyewe? Ile stori kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kaiser Wilhelm mlima kama zawadi ya birthday utaisikia kwenye baa zote za Marangu na kwa baadhi ya waongoza watalii pia, ni tamu ila hesabu zake hazikubali. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya kugawana yalifanyika 1886 na Wilhelm alikuja kuwa Kaiser 1888. Mstari ulichorwa toka mdomo wa mto Umba kule pwani mpaka Ziwa Victoria, na ulipofika hapa ukapinda kuuzunguka mlima kwa kuwa mwaka 1885 mjumbe wa Carl Peters (Mjerumani aliyekuwa anasaka makoloni huku) aitwaye Jühlke alishapata makubaliano na Mangi Rindi wa Moshi. Waingereza wakabaki na Mombasa. Basi.

Lakini namna unavyouona huo mpaka ni tofauti kabisa. Tarakea mpaka ni soko, ni shangazi yako yuko upande wa pili Loitokitok, ni ndizi na mahindi yanavuka kwenye mabega na shilingi za aina mbili kwenye mkoba mmoja. Unaweza kukaa pale nusu saa unakunywa chai usijue mstari uko wapi mpaka mtu akuonyeshe. Namanga mpaka ni geti, foleni ya malori, kituo kikubwa cha pamoja kilichofunguliwa 2018, mawakala wa forodha, kina mama wa Kimasai wanakuuzia shanga kwenye dirisha la basi. Ila ukitoka pale kituoni km chache tu unakuta ng'ombe wanavuka mstari bila kumuuliza mtu, na mchungaji ana laini za simu za nchi zote mbili. Mimi Tarakea inanivutia zaidi, nakiri ni upendeleo wa mtu wa Kilimanjaro.

Tuje kwenye chombo maana historia hairekebishi cheni. Rombo hata Boxer au TVS ya kawaida inatosha na pengine ndio bora, mwendo ni mdogo, gia ya pili na ya tatu muda mwingi, kona kali na watoto wa shule, mbuzi, na Noah zinazosimama bila taarifa. Pale mvua ikinyesha maji yanashuka toka juu na udongo mwekundu yanaumwaga kwenye lami, hususan njia za mashambani zinapoungana na barabara, ukibana breki ya mbele hapo umekwenda chini. Karibu na Mwika mpaka Mkuu utaona mifongo, yaani mifereji ya asili ya umwagiliaji, mingine inapita kandokando ya barabara na vijana wanaoshea bodaboda humo, maji ya mlimani baridi hatari. Ukipaki hapo utaoshewa, utapewa habari za barabara yote mpaka Tarakea na utaonyeshwa fundi wa uhakika, pancha huku siyo janga, kila center kuna fundi na vituo vya mafuta havipo mbali.

Longido unataka chombo chenye pumzi kidogo. Barabara imenyooka na imefunguka, kuanzia Oldonyo Sambu upepo unakupiga ubavuni na lori likikupita unavutwa kwanza halafu unasukumwa, mwenye pikipiki nyepesi na abiria nyuma anashika hendeli mpaka mikono inakufa ganzi. Ya cc 200 kwenda juu unaenda raha mustarehe. Jaza tenki Arusha, hakikisha una pampu na viraka, maana katikati ukipata pancha utasubiri jua likuchome huku punda wanakuangalia. Kuna twiga pia, wanavuka wanapotaka, jioni ndio mbaya.

Msosi Rombo. Mtori asubuhi, machalari mchana, mbege utaoneshwa kila kona, iache mpaka umepaki kabisa. Longido ni nyama ya mbuzi na chai ya maziwa, nzuri sana lakini ndio hiyo hiyo mchana na usiku. Malazi pande zote zipo gesti za bei ya kawaida, Marangu zipo mpaka za watalii ambazo bei zake hazituhusu.

Msimu: Machi mpaka Mei Rombo usiende kama unafuata mlima, utaona ukungu tu na kuloa. Longido miezi hiyo ni kijani na anga likifunguka baada ya mvua ni safi ajabu, kwa hiyo kama likizo yako imeangukia hapo uamuzi umeshafanyika. Juni mpaka Oktoba na Januari Februari Rombo ni tamu, na Longido ni vumbi na upepo lakini mlima unaonekana.

Kuna wanaoulizia njia ya tatu, kuzunguka Meru kwa Usa River kwenda Ngare Nanyuki. Ni nzuri, kipande kinakatiza Hifadhi ya Arusha na unaweza kuona twiga na pundamilia, lakini uliza utaratibu wa pikipiki getini kwanza, kwenye hifadhi pikipiki ina masharti yake. Huko historia yake siyo ya vita ni ya ardhi, Novemba 1951 Wameru kama 3,000 walihamishwa kwa nguvu, nyumba zikachomwa, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu, na 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kulisemea mbele ya Umoja wa Mataifa akiwa na wakili Earle Seaton aliyekuwa na ofisi hapa Moshi. Kama ardhi ndiyo inakugusa zaidi kuliko mizinga nenda huko, nusu siku inatosha.

Na wale wenye pikipiki za rafu rodi wanaotaka kufuata njia ya Stewart kutoka Longido kupitia porini mpaka Ngare Nairobi na Sanya Juu, njia zipo lakini zinagawanyika kila mahali, kuna tembo wanaotembea kati ya Amboseli na Kilimanjaro Magharibi, nenda na mtu wa kule na msiwe chombo kimoja. Ukipita huko ndio utajua kwa nini yule jenerali alichelewa, Smuts alimlaumu sana ila nadhani hakuwahi kuipita mwenyewe.

Kwa hiyo nikiulizwa na mtu ana Boxer, ana siku mbili, anatokea Moshi, hajawahi kwenda kokote: Rombo, alale Mkuu, aamke mapema. Mwenye chombo kikubwa anayeishi Arusha na roho yake inataka uwanda na anga: Longido, afike saa tisa, apumzike, jua likianza kulala ndio atoke na kamera. Mwenye abiria asiyezoea pikipiki ampeleke Rombo, kuna pa kusimama kila dakika kumi, Longido atalia.

Ukiwa na pasi au hati ya kusafiria, Rombo inaongeza pointi nyingine maana unaweza kuvuka Holili uende Taveta, uone makaburi, Salaita na Ziwa Chala kwa upande wa pili, halafu urudi siku hiyo hiyo. Beba kadi halisi ya pikipiki, kama siyo jina lako beba barua ya mwenye chombo, leseni, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na bima inayovuka mpaka, ile ya COMESA, nunua kabla hujatoka mjini maana ukifika pale bila hiyo utakutana na vijana wa kukusaidia, na msaada wao una bei.